Mhariri, watu wanaweka dawa ya kupe kwenye mizinga ya nyuki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana kuna jambo linaenea huku kwetu Manyoni na nadhani siyo Manyoni peke yake, na sioni mtu akilisemea. Wafugaji nyuki wameanza kuweka dawa ya kupe ya ng'ombe kwenye mizinga. Ile ile ya kuogeshea mifugo, yenye kemikali ya kuua kupe iitwayo amitrazi ndani yake, mtu anachovya kitambaa au kipande cha boksi, anakining'iniza katikati ya masega, anarudisha mfuniko anaondoka, ukimuuliza anakwambia anatibu varoa, yule utitiri anayeshambulia nyuki. Kipimo hajui, aiache siku ngapi hajui, na asali ya mzinga huo huo anairina na kuiuza.

Elimu hii inatoka madukani. Nilikuwa kwenye duka moja la pembejeo (silitaji), muuzaji akawa anamwambia mzee mmoja, "Mzee wangu hao nyuki wako wamehama kwa sababu ya virusi, chukua hii, weka kidogo tu utaona wanavyotulia." Mzee wa watu akatoa hela, na juu yake akauziwa paketi ya antibayotiki ya kuku. Nilimfuata nje tukaongea, nikamweleza ninayoyajua, na ndo hayo hayo nayataka yaandikwe gazetini yawafikie na wengine.

Kwanza kuna vitu viwili vinachanganywa. Varoa siyo virusi. Varoa ni utitiri, mdudu bapa, rangi yake nyekundu ya kahawia, upana wake kama milimita moja na nusu hivi, unamwona kwa macho. Kwa mwili wa nyuki ni sawa na mtu abebe kupe wa ukubwa wa sahani mgongoni. Asili yake Asia, kwa nyuki wa kule wanaoitwa Apis cerana ambao wamezoeana naye zamani, akahamia kwa nyuki wa asali tunaowafuga sisi baada ya watu kupeleka mizinga yao Asia, halafu biashara ya nyuki ikamsambaza. Marekani alionekana 1987, Uingereza 1992, Afrika Kusini 1997, na huku Afrika Mashariki watafiti walimkuta 2009, Kenya na Tanzania. Australia walijitahidi wakabaki salama hadi Juni 2022 alipopatikana kwenye bandari ya Newcastle, wakateketeza mizinga kwa maelfu, na Septemba 2023 wakatangaza kwamba kumtokomeza haiwezekani tena, sasa wanajifunza kuishi naye.

Virusi ndo hivyo visivyoonekana. Kwa nyuki vimeshajulikana zaidi ya 20, na vingi vilikuwepo kabla ya varoa hajafika, nyuki wanapeana kwenye chakula, malkia anavipitisha kwenye mayai, vinakaa mwilini kwa kiwango kidogo na kundi linaendelea na maisha yake. Shida inaanza varoa akiingia kati, kwa sababu yeye anatoboa mwili wa nyuki na kuviingiza ndani moja kwa moja.

Angalia anavyofanya. Jike la varoa linaingia kwenye seli (kitundu cha sega) ya mtoto wa nyuki muda mfupi kabla vibarua hawajaifunika kwa nta, linajificha kule chini kwenye chakula cha mtoto. Seli ikishafunikwa linaanza kunyonya. Zikipita kama saa 60 hadi 70 linataga yai la kwanza, hilo linakuwa dume, yanayofuata yanakuwa majike, moja kila baada ya saa 30 hivi, na hao watoto wa mama mmoja wanapandana humo humo gizani. Nyuki akikomaa akatoka, mama anatoka naye pamoja na mabinti waliowahi kukomaa, ambao hawajakomaa wanafia ndani. Miaka mingi watu waliamini ananyonya damu, mpaka utafiti uliotoka 2019 huko Marekani ukaonyesha anachokula hasa ni lile tabaka la mafuta mwilini mwa nyuki, na mafuta yale kwa nyuki ndo yanafanya kazi ya ini, yanahifadhi chakula, yanaondoa sumu, yanajenga kinga. Kwa hiyo anamnyang'anya kinga na wakati huo huo anampa kirusi.

Kirusi kinachojulikana zaidi kwa safari hii ni kile cha kulemaza mabawa. Nyuki anatoka kwenye seli mabawa yamejikunja kama karatasi iliyofinyangwa, tumbo fupi, haruki, anatambaa tu mbele ya mzinga mpaka afe au wenzake wamburute nje. Hawaii walipopima, kirusi hiki kilikuwa kwenye makundi kama 10 kati ya 100, varoa alipoingia kuanzia 2007 kikapanda mpaka karibu kila kundi la maeneo aliyofika. Kingine ni cha seli nyeusi ya malkia, kinamuua malkia mtoto ndani ya seli yake na kuta za seli zinageuka nyeusi. Kuna cha kupooza, nyuki anatetemeka, wengine manyoya yanaisha wanang'aa weusi. Na kuna cha kifuko, mtoto wa nyuki anakufa amenyooka kwenye seli, ukimtoa kwa kijiti ngozi imejaa maji. Hiki cha kifuko ndo cha kwanza kabisa kutambuliwa kwamba ni ugonjwa wa virusi kwa nyuki, mwaka 1917 Marekani.

Na virusi vyote hivi havina dawa. Hakuna. Antibayotiki inaua bakteria, kwa virusi haifanyi kitu, kwa hiyo ile paketi ya kuku aliyouziwa mzee ni hela imetupwa na akiiweka mzingani mabaki yataingia kwenye asali.

Sasa mtu atasema, kama varoa yupo na ni mbaya hivyo, si basi amitrazi imuue? Hapa ndo naomba msomaji atulie kidogo.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Elliud Muli wa Kenya pamoja na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani. Walipima makundi ya nyuki kwenye maeneo 24 nchini Kenya. Varoa walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, na kadiri unavyopanda kwenda nchi za juu ndivyo anavyoongezeka. Virusi walivyokuta ni vitatu, cha kulemaza mabawa, cha seli nyeusi ya malkia na cha kupooza kwa ghafla. Lakini walipoangalia ukubwa wa makundi, yale yenye varoa na virusi hayakuwa madogo kuliko mengine. Mdudu yupo, virusi vipo, nyuki wanadunda. Na ushauri wao ulikuwa wazi, msikimbilie dawa. Nyuki wa Kenya na wa kwetu ni wale wale, mpaka wa Namanga hawaujui.

Kwanini wanahimili? Sababu ziko kadhaa na zote ni tabia ambazo wafugaji tunazilalamikia kila siku. Nyuki wetu anakua haraka, muda ambao seli inakuwa imefunikwa ni mfupi kuliko wa nyuki wa Ulaya, karibu siku nzima pungufu, na siku moja kwa varoa ni kubwa sana maana mabinti wengi hawawahi kukomaa. Nyuki wetu ni wasafi, wakihisi kuna kitu ndani ya seli wanaifungua wanatoa mtoto wanatupa nje, na wanasafishana, wanamng'ata yule mdudu mpaka wanamkata miguu. Watafiti wa icipe waliwalinganisha nyuki wa Kenya na wale wa asili ya Ulaya walioko Marekani, matokeo yakatoka 2017, wa kwetu wako mbele kwa usafi wa aina zote mbili. Halafu nyuki wetu wanagawanyika sana na wanahama sana. Kundi likihama linaacha majana (watoto wa nyuki walio kwenye seli) nyuma, na varoa wengi wako humo kwenye majana, kwa hiyo linaondoka limepunguza mzigo. Likifika kwenye mzinga mpya linakaa muda bila majana yaliyofunikwa na varoa anakosa pa kuzalia.

Afrika Kusini walipitia njia hii kabla yetu. Varoa alipoonekana kule 1997 palikuwa na hofu kubwa, na mwanzoni makundi mengi ya wafugaji yalidhoofika. Lakini nyuki wengi, hasa wa porini, hawakuguswa na dawa. Waliokuwa dhaifu wakafa, waliobaki wakazaa. Nyuki wa Cape, jamii ya kusini kabisa mwa nchi hiyo, ilichukua kama miaka 3 hadi 5 mpaka varoa akawa kitu cha kawaida, na hawa scutellata ambao ndo jamii kubwa ya nyuki wetu huku bara miaka 6 hadi 7.

Na sisi tuna bahati moja ambayo hatuithamini. Wengi wetu hatununui nyuki. Tunatundika mzinga mtini, tunapaka nta, tunasubiri kundi liingie lenyewe. Maana yake kila kundi linaloingia kwenye mzinga wangu limetoka kwenye kundi lililokuwa na nguvu za kutosha kugawanyika au kusafiri huku varoa yupo, yaani msitu wenyewe unatuchagulia. Mzungu analipa wataalamu miaka na miaka kutafuta nyuki anayehimili varoa, sisi anakuja mwenyewe mlangoni, halafu tunampokea kwa dawa ya kupe! Ukiweka dawa unamsaidia nyuki dhaifu abaki, azae, agawanyike, na unamsaidia pia varoa sugu, kwa sababu dawa itaua wale laini na kubakiza wagumu.

Hili la usugu siyo la kutisha watu. Miaka ya 1990 Ulaya na Marekani walikuwa wanategemea vipande vya dawa ya varoa iitwayo fluvalineti, Italia varoa akazoea, na Marekani akazoea vile vile. Wakahamia dawa nyingine, kumafosi, naye akaizoea. Wakaja amitrazi. Majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025 wafugaji wakubwa wa Marekani walipoteza zaidi ya nusu ya makundi yao, na watafiti wa wizara yao ya kilimo walipochunguza sampuli walikuta virusi vya kulemaza mabawa na vya kupooza kwa wingi mkubwa, na varoa waliowapima walikuwa na vinasaba vya usugu dhidi ya amitrazi. Hao wanatumia vipande vilivyotengenezwa maalum kwa nyuki, vinavyotoa dawa polepole, vyenye maelekezo, na bado yamewakuta. Sisi tunamimina ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria.

Halafu asali na nta. Tanzania kwa asali tunahesabiwa wa pili Afrika baada ya Ethiopia, na wanunuzi wa nje wanachokipenda kwetu ni kwamba asali na nta zetu hazina mabaki ya dawa. Amitrazi inavunjika, ni kweli, lakini vinavyotokana na kuvunjika kwake vinabaki na vinapimwa, Ulaya wameweka kikomo cha mikrogramu 200 kwa kilo moja ya asali. Dawa nyingine kama fluvalineti zinang'ang'ania kwenye nta na nta tunairudia rudia kupaka mizinga mipya. Wafugaji wachache wakiharibu, asali ya kikundi kizima inachanganywa kwenye ndoo zile zile, mzigo ukikataliwa haukataliwi wa mtu mmoja.

Kuhusu mizinga kuhamwa, maana ndo chanzo cha haya yote, naomba tuache kusema kila mzinga mtupu ni virusi. Kiangazi kikali maua yakiisha nyuki wanahama, babu zetu walijua hilo na walikuwa wanasubiri warudi. Mzinga uliohamwa kwa njaa unakuta masega makavu, hakuna asali, hakuna majana, hakuna maiti. Ukikuta utando na viwavi wanatoboa masega, hao ni nondo wa nta, na mara nyingi nondo anashika mzinga ambao ulishadhoofika. Ukikuta masega yanateleza, asali imechacha inanuka kama machungwa yaliyooza, ni funza wa mbawakawa mdogo wa mizinga. Mzinga umeanguka chini umepasuliwa, nyegere huyo. Siafu hawaulizi. Na sababu kubwa kuliko zote, ambayo warina hatupendi kuambiwa, ni kurina masega yote pamoja na yenye majana, nyuki wanabaki na kuta tupu kuelekea kiangazi, hapo watakaa wafanye nini? Kundi lililoshindwa na varoa na virusi kweli lina sura yake, nyuki wachache wamebaki na malkia wao, majana yametawanyika mengine yamekufa vifuniko vimetobolewa, na mlangoni wapo wenye mabawa yaliyojikunja.

Mwenye wasiwasi apime, haigharimu. Nenda jioni nyuki wametulia, na mavazi kamili maana nyuki wetu unawajua. Kutoka kwenye sega lenye majana chota nusu kikombe cha nyuki, hao ni kama 300, hakikisha malkia hayumo, watie kwenye chupa ya mdomo mpana ambayo mfuniko wake umeubadilisha kwa wavu. Weka vijiko viwili vya sukari ya unga ile laini ya kupambia keki, zungusha chupa taratibu mpaka wote wawe weupe, subiri dakika mbili, kisha tikisa juu ya beseni jeupe lenye maji kidogo. Sukari inayeyuka, varoa wanabaki wanaelea, nyuki unawarudisha wazima wakajilambe. Hesabu yako gawa kwa tatu, hiyo ni idadi kwa kila nyuki 100. Njia nyingine ni kufunua kwa uma seli chache za madume, zile zenye vifuniko vilivyovimba, kwa sababu varoa anapenda majana ya madume mara nyingi zaidi, dume anakaa ndani siku nyingi. Utamwona mtoto mweupe kabisa na yule mwekundu anatembea juu yake, na kwenye ukuta wa seli kuna vitone vyeupe, hicho ni kinyesi chake. Marekani wakifika kama 3 kwa 100 wanakimbilia dawa. Kwetu namba hiyo iandike tu, mpelekee afisa nyuki wa wilaya, na kundi ambalo kila mara namba zake ziko juu kuliko wenzake na haliongezeki usiligawe wala usilitumie kuzalisha.

Ombi langu kwa serikali, na nalisema kwa heshima. TFS (wakala wa misitu) na watafiti wa nyuki wa TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) pale Njiro, Arusha, wapewe fungu la kupima varoa na virusi kila mwaka kwenye mikoa ya nyuki, Tabora, Katavi, Singida, Kigoma na kwingineko, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili ofisi za kata, siyo yaishie kwenye majarida. Nairobi icipe wana maabara ya rufaa ya afya ya nyuki kwa Afrika, ushirikiano huo upo karibu. Maduka ya pembejeo yakatazwe kuuza dawa ya mifugo kwa ajili ya mizinga.

Na mlango wa malkia wa kigeni uendelee kufungwa kabisa, pamoja na mizinga iliyotumika na nta ya kutoka nje. Kuna watu wanashawishika na nyuki wapole wa Ulaya, wanaona video wanatamani. Malkia mmoja kwenye kiboksi anakuja na virusi vyake na anakuja na damu isiyojua kupambana na varoa, madume wake watapanda malkia wetu hewani na hakuna wa kuwazuia. Mfano upo na unatoka kwetu sisi Waafrika, huyo mbawakawa mdogo wa mizinga niliyemtaja ni wa huku kusini mwa Sahara, nyuki wa hapa wanamdhibiti, wa Cape wanamfungia kwenye kona kwa gundi yao, lakini alipofika Florida 1998, Australia 2002 na Italia 2014 aliwapa watu hasara kubwa sana kwa sababu nyuki wa kule hawamjui. Kinachovumilika nyumbani kwa mmoja kinaweza kuua kwa mwingine.

Mhariri, kama nafasi ipo naomba muweke na picha ya varoa na ya nyuki mwenye mabawa yaliyojikunja, wengi wanaonunua dawa hawajawahi kumwona huyo mdudu wanayemtibu. Na barua ikiwa ndefu punguzeni popote ila sehemu ya amitrazi iachwe kama ilivyo, kwa sababu msimu wa kurina unakaribia na asali yenye dawa hiyo itakwenda mezani kwa watu.

Mfugaji nyuki,
Manyoni, Singida